Kuchi wa Mama Mkwe

Katika miaka yote niliyonunua kuku Muleba na kuwauza Bukoba sokoni, mtu mmoja tu amenishinda bei kila tulipokutana, na mtu huyo hajawahi kusema nami hata neno moja. Alisema na jogoo.

Namwita Mama Mkwe kwa kuwa ndivyo alivyo, na jina lake silitaji kwa kuwa mkwe halitaji. Nilipomwoa binti yake nilizijua desturi hizo kama wengi tunavyozijua, yaani kwa kuzisikia zikisimuliwa. Mkwe hapeani mkono na mama mkwe. Hamtazami usoni. Haingii jikoni kwake, na halali chini ya paa lake hata kama nje kunanyesha mawe. Siku hizi nyumba nyingi zimelegeza. Utamkuta mkwe na mama mkwe wamekaa kochi moja wanagombania rimoti. Nyumba yake, ile ya Izigo kule Muleba, haikulegeza kitu. Na taabu yangu ilikuwa kwamba nyumba ile ile ndiyo iliyokuwa na kuku wazuri kuliko wote ninaowajua kutoka Bukoba hadi Muleba mjini, na mimi ugali wangu ni kuku.

Walikuwa kuchi. Asiyewajua amfikirie kuku aliyeamua kuwa mtu. Jogoo wa kuchi akisimama kando ya ndoo, ndoo inaonekana fupi. Shingo ndefu, kifua kipana chenye ngozi nyekundu inayochungulia kati ya manyoya machache, upanga mdogo kichwani kama aliuona ni pambo la bure akaupunguza, na jicho linalokuuliza umekuja kufanya nini. Anakua taratibu sana. Mtetea wake hutaga mayai machache, lakini akiatamia huwezi kumwondoa bila damu, na damu itakuwa yako. Mbegu hiyo Mama Mkwe aliipata kwa mdogo wake wa Ngenge, ambaye naye aliipata kwa wafugaji waliohamia kutoka upande wa Shinyanga. Akaitunza pale Izigo, katikati ya migomba na mibuni, kama wengine wanavyotunza sufuria za harusi.

Sasa nilitaka kununua, naye alitaka kuuza, na desturi haitaki tuzungumze. Njia ya kawaida ni kupitia mke wangu, lakini mke wangu anashona nguo Bukoba na hawezi kufunga cherehani kila nikitaka jogoo. Mama Mkwe akapata ufumbuzi siku ya kwanza kabisa. Nilisimama kwenye mibuni, yeye akakaa kwenye kizingiti cha jiko akiwa amenipa bega, na katikati yetu jogoo mkubwa alikuwa anaparua makapi ya kahawa. Mama akamwambia jogoo:

"Mshenga, muulize mgeni wako, mtetea aliyemshika amemtazama vizuri, au amemshika tu kwa sababu alikuwa karibu?"

Nikaelewa. Nikamgeukia jogoo.

"Mshenga, mwambie mama nimemtazama. Uzito anao, ila kidole kimoja kimepinda."

"Mshenga, mwambie kidole hakitiwi chunguni."

"Mwambie wateja wangu wa Bukoba wanatazama kila kitu, hata vidole."

"Basi Mshenga, mwambie awaletee hao wateja viatu, kuku amwache."

Hivyo ndivyo tulivyofanya biashara kwa miaka. Jogoo akizeeka, mwingine alirithi kazi na jina. Nimefanya kazi na washenga wanne, na ninakiri wa pili alikuwa mkorofi, nikitaja bei ya chini alinijia kwa makucha, na Mama akasema, "Unaona, hata aliyetumwa amekasirika."

Fedha hakupokea. Alimwambia jogoo kwamba binti yake alishatoka pale kwa mahari, na yeye hataki kuonekana anamuuzia mtu yule yule mara mbili. Kwa hiyo tulibadilishana vitu: sabuni, chumvi, mafuta ya kula, dumu la petroli kwa ajili ya pikipiki ya mwinjilisti wa usharika wao. Mtu anayehesabu kila kitu mara mbili, kama mimi, hapendi biashara ya namna hiyo, maana sabuni na kuku havina kipimo kimoja. Na kulikuwa na jambo jingine. Mkwe akifika ukweni lazima achinjiwe. Nilienda kununua kuku watatu, nikala mmoja, na filigisi nikawekewa mimi juu ya jani la mgomba, pembeni, kwa heshima. Sasa niambie, mtu umetoka kula filigisi ya mwenye mali, utapunguza bei kwa mdomo gani? Nilijaribu kufika bila taarifa ili asipate muda wa kuchinja. Alimwambia jogoo, "Mwambie pikipiki yake inakohoa tangu kule juu kanisani. Maji yalikuwa yameshachemka."

Yeye mwenyewe hakula kuku maishani mwake. Hakula yai pia. Zamani akina mama wa huku hawakula, na wengi wa rika lake waliacha mwiko huo tangu wakiwa wasichana, wanakula mpaka shingo. Yeye hakuacha, na hakueleza. Lakini ladha ya kuku aliijua kuliko mpishi yeyote wa Bukoba. Siku moja nilithubutu kumuuliza jogoo mama anajuaje utamu wa kitu ambacho hajawahi kukionja.

"Mshenga, mwambie naangalia nyuso. Anayekula kuchi hunyamaza. Anayekula yule mwingine anaendelea kuongea."

Yule mwingine ni broila. Mama Mkwe hakupenda kumtaja kwa jina, alimwita mgeni. "Anakula, analala, anaondoka bila kuaga." Kuchi alimwita mtu wa nyumbani, hata pale alipokuwa anamlaani kwa kufukua viazi.

Mimi kwa kuku sina dini. Anayenunuliwa ndiye mzuri. Broila ananunuliwa na kila mwenye kikaango cha chipsi, anakuwa tayari ndani ya wiki sita, anaiva kabla ndizi hazijaanza kulainika. Kuchi utamngoja karibu mwaka mzima, utamchemsha kuanzia baada ya ibada hadi wageni waanze kutazama saa, na mnunuzi wake ni mzee mmoja mmoja anayejua anachotafuta, au mtu anayepeleka zawadi ukweni na anataka aonekane. Lakini nikipita sokoni na matenga mawili, moja la broila na moja la kuchi, watu wanasimama kwenye la kuchi. Wanauliza, wanasifia, kisha wananunua broila. Nilimweleza Mshenga jambo hilo. Mama akacheka hadi akavuta khanga mdomoni. "Mwambie hata makanisani ni hivyo hivyo. Wanasimama kwa wokovu, wananunua maandazi."

Alikuwa mcheshi. Nalisema hili mapema, kwa sababu yanayofuata yatamwonyesha kama mtu wa huzuni, na hakuwa hivyo.

Baba Mkwe alipofariki, kibanja kilikwenda kwa mwana wa kiume, yule aliye Mwanza, ambaye kwangu ni shemeji. Ndivyo kinavyokwenda. Migomba, mibuni, nyumba na makaburi yaliyo nyuma ya nyumba, vyote vikawa vyake kwa siku moja mbele ya ukoo, na Mama akabaki mle mle alimokuwa, ila sasa kama mtu anayekaribishwa. Hakuna aliyemwambia neno baya. Shemeji ni mtu mwema, anapiga simu kila Jumapili, anatuma dawa za presha. Lakini Mama alijua jinsi mambo yalivyosimama. Nilimsikia akimwambia jogoo, siku hiyo bila kunituma ujumbe wowote, "Mimi na makaburi tunakaa tu."

Kwa hiyo shemeji alipofika na fundi na mabati na kusema anamjengea mama mradi wa broila ili asichoke na jembe, nani angekataa? Banda likajengwa ubavuni mwa nyumba, likashikamana na ukuta wa chumba chake cha kulala ili asikie wezi. Vifaranga mia mbili wakaja kwenye maboksi yenye matundu. Na kwa kuwa mtaalamu wa mifugo aliwaonya kwamba kuku wanaotembea huleta ugonjwa wa kideri kwa waliofungiwa, shemeji akasema kuchi watolewe uani. Ama wauzwe, ama wafungiwe.

Hapa ndipo lilipofanyika kosa ambalo hata mtoto wa Ngenge asingelifanya, na Mama Mkwe alilifanya huku macho yake yakiona. Kuchi madume hawakai chumba kimoja. Nje wanaelewana vizuri: huyu ana upande wa makaburi, huyu wa mibuni, huyu wa zizi la zamani, wakipishana wanageuza shingo kama wazee wawili waliowahi kushtakiana kwenye baraza. Umbali ndio amani yao. Mama alikuwa na majogoo watatu wa tumbo moja na jiko moja tupu la zamani. Aliwaweka wote humo kwa sababu mwanawe alikuwa amesimama nyuma yake na saa mkononi, gari la Mwanza linamsubiri, na hakukuwa na chumba kingine. Asubuhi kukawa na jogoo mmoja, na huyo alikuwa na jicho moja. Ndiye mshenga wangu wa nne.

Nilipofika wiki hiyo nilimkuta amefungwa kamba mguuni kwenye mbuni. Mama amekaa kizingitini kama siku zote, bega kwangu. Nikangoja aanze. Hakuanza.

"Mshenga," nikasema, "mwambie mama pole."

Kuku mia mbili walikuwa wanalia nyuma ya ukuta kwa pamoja, ile sauti ya broila wachanga, kama mvua kwenye mabati.

"Mwambie asante," akasema. "Na mwambie aondoke mapema leo. Saa tisa nawasha mkaa."

Tangu siku ile maisha yake yakawa mkaa. Vifaranga wanataka joto, na Izigo usiku kuna baridi. Akiamka, mkaa. Kisha maji, maana chombo kikikauka kidogo wanakanyagana. Kisha pumba, kisha chanjo ya maji ambayo ina saa yake, kisha kugeuza makapi chini yao yasigande. Akidhani amemaliza, wamemaliza chakula. Wiki ya tano wanakuwa wazito hadi wengine hawasimami. Wanakaa kwa kifua kama magunia yenye macho, na joto sasa linakuwa adui, inabidi kufungua mapazia yale yale aliyokuwa anayafunga. Wakishauzwa, anafagia, anamwaga dawa, na kabla harufu haijaisha simu inaita: "Mama, vifaranga wanapanda gari kesho." Alitafuta kijana wa kumsaidia. Wa kwanza aliondoka na mfuko wa chakula, wa pili aliondoka na kuku, wa tatu alisema heri bodaboda.

Akaacha kwaya. Akaacha kwenda kwenye misiba ya mbali, kisha ya karibu. Kwetu mtu asipoonekana msibani wanasema. Alimwambia Mshenga, "Wakisema mwambie aseme nimefungwa. Asitaje kosa. Watanihurumia zaidi."

Na jambo ambalo sikuwahi kulielewa vizuri ni kwamba aliwatunza wale wageni kuliko mtu yeyote niliyemwona akifuga. Aliwaimbia nyimbo za Kilutheri, beti zote, akigeuza makapi. Aliyelemaa miguu alimnywesha kwa kijiko. Nilimsikia akimwambia mmoja, "Na wewe hukuomba kuja." Nimenunua broila wake wengi sana, wateja wangu waliwapenda. Faida yangu haijawahi kuwa nzuri kama miaka ile. Nilihesabu mara mbili, ilikuwa nzuri kweli.

Kisha mdogo wake wa Ngenge akapooza upande mmoja.

Kwao walikuwa wamebaki wao wawili tu. Habari ilipofika, vifaranga walikuwa na siku nne. Mama hakuweza kwenda. Alinituma mimi, kupitia jogoo, na mafuta ya kujipaka, blanketi na ndizi. Nilimkuta mgonjwa nje ya nyumba yake, kwenye kiti cha kamba. Kule chini jua ni kali kuliko kwetu na mtu hukaa kivulini siku nzima. Akanitazama usoni bila aibu yoyote. Yeye pia ni mama mkwe kwangu, nikainamisha kichwa.

"Inua," akasema, kwa nusu ya mdomo iliyobaki inafanya kazi. "Mimi ugonjwa umenifuta kwenye desturi. Dada yuko wapi?"

"Ana vifaranga, waitu," nikajibu, kwa neno letu la heshima.

Akafikiri. "Mwambie kuku wake wana bahati."

Nilipofikisha maneno hayo Izigo, Mama alinyanyuka kizingitini. Aliingia bandani akafunga mlango. Wale wakauzwa, wengine wakaja, na habari za Ngenge zikawa hazisogei mbele wala nyuma: hajasimama, hajafa, anauliza. Mke wangu ndiye angeshika zamu, lakini alikuwa amejifungua karibuni, na vumbi la banda humbana kifua hata asiponyonyesha. Shemeji alisema mama avumilie kidogo, bei imepanda, banda tupu ni hasara. Jamaa wengine walisema wangekuja, wakasema tena.

Ndipo siku moja nikiwa nimesimama kwenye mibuni, Mama akaanza, na mara moja nikajua hatuzungumzii mtetea.

"Mshenga, muulize mkwe, siku tatu anaziuzaje?"

"Mwambie sijaelewa."

"Mwambie anaelewa. Siku tatu, alinde wale. Nimwone mdogo wangu."

Nikakohoa. "Mshenga, mwambie ningependa, lakini mkwe halali kwa mama mkwe. Asubuhi ningekuja, jioni ningeondoka. Na usiku nani atawasha mkaa?"

"Mwambie sijasema alale kwangu. Alale bandani."

"Mwambie banda limeshikana na nyumba. Ukuta ni wa chumba chake."

"Muulize mabati ya banda alinunua nani."

"Shemeji."

"Na mbao?"

"Shemeji."

"Na wale kuku ni wa nani?"

"Wa shemeji."

"Basi Mshenga, mwambie hiyo ni nyumba ya shemeji yake. Kuna desturi gani inamkataza mtu kulala kwa shemeji yake?"

Nimebishana na madalali wa Bukoba, na makondakta, na mgambo wa soko, nikashinda. "Mwambie ukuta..."

"Mwambie ukuta haulali."

Mara ya kwanza na ya mwisho alishusha sauti. Alisema, bado akimtazama jogoo, "Mwambie sijawahi kumwomba kitu kisicho na bei. Hiki ninaomba."

Nikakubali. Siku tatu.

Asubuhi ya safari nilifanya nilivyozoea. Nilihesabu kuku, nikarudia. Nilihesabu mifuko ya chakula, nikarudia. Mama akatoka amevaa gauni lake la kanisa, na bodaboda akafunga tenga nyuma ya pikipiki. Ndani ya tenga alikuwamo Mshenga na mitetea wote wa kuchi waliobaki, walikuwa saba. Nilihesabu hata hao mara mbili. Sikujiuliza mtu anayekwenda siku tatu anapelekaje mitetea wote.

Simlaumu. Nasema tu kwamba nilihesabu.

Siku ya nne nikapiga simu Ngenge. Jirani aliyepokea akasema Mama yupo mtoni anachota maji, mgonjwa ameanza kula. Siku ya saba Mama alikuwa shambani. Baadaye nikaacha kupiga. Mke wangu akawa anakuja Jumamosi na mtoto mgongoni, ananiachia chakula nje ya banda, anasimama mbali na vumbi, tunaongea kama watu walio hospitali. Biashara yangu ya Bukoba ikashikwa na mwenzangu, ambaye sasa wateja wangu wanamwita kwa jina langu.

Nilimpigia shemeji nikamwambia ukweli, kwamba mimi si mfugaji. Akacheka. "Bwana wewe, vifo vimepungua! Umezaliwa kufuga." Nilipokazia, sauti ikabadilika kidogo, bila ubaya. "Basi kama huwezi niambie, shemeji. Nitamwambia mama arudi. Mradi ni wake."

Hapo nikaelewa nilichokuwa nimenunua. Nikitoka, anarudi. Hakuna mlango wa tatu. Nikamwambia shemeji ninaweza.

Nimejifunza mengi mle ndani. Nimejifunza kwamba harufu ile haitoki kwa sabuni, na kwamba broila ukiwaingilia bila kuimba wanashtuka wanarundikana, kwa hiyo naimba, mimi ambaye kanisani hufungua tu mdomo. Siku moja nilikwenda kuchota maji nikasahau kufunga mlango. Nilirudi mbio na ndoo ikinimwagikia, nikijua nitawakuta kwenye migomba ya jirani hadi barabarani. Wote walikuwamo. Waliokuwa karibu na mlango walikuwa wamekaa wanatazama uwanja, jua, mibuni, kama watu wanaotazama televisheni. Hakuna aliyevuka. Nikakaa kwenye ndoo nikawatazama wakitazama. Kuchi angekuwa ameshafika Bukoba.

Juzi nimewauza wale, na kati yao na vifaranga wapya kulikuwa na siku moja tupu. Nikapanda gari hadi Muleba, nikachukua bodaboda hadi Ngenge, na njia nzima nikapanga maneno.

Nilimwona kabla hajaniona. Alikuwa amesimama uani kwa mdogo wake, jembe begani, anaongea kwa sauti na jirani aliye ng'ambo ya ua, akicheka kile kicheko cha khanga mdomoni. Alikuwa amenenepa. Mdogo wake yuko kwenye kiti kile kile, lakini mkono mbovu sasa uko juu ya paja, na kwenye kiganja ana punje za mahindi, mtetea wa kuchi anazidonoa moja moja. Ni mazoezi, nikaambiwa; kila punje inayodonolewa, kidole kinashtuka. Vifaranga wa kuchi, miguu mirefu mirefu, walikuwa kila mahali.

"Mkwe!" mgonjwa akapaza sauti. "Umekonda, waitu. Wewe unawalisha kuku, au wao ndio wanaokutafuna?"

Mama aliposikia akageuza bega. Akaingia ndani. Nikasikia kuku akilia, nikajua ninachinjiwa. Nilitaka kupiga kelele kwamba sitakula, nina jambo. Sikupiga. Nikaletewa ndizi na nyama, filigisi pembeni juu ya jani. Nikala. Nilikuwa sijala kuchi tangu tulipoachana, na nilinyamaza, kama alivyosema mtu hunyamaza.

Baadaye akaja, akakaa kizingitini. Mshenga akapita kati yetu na jicho lake moja. Yale maneno niliyoyapanga njiani yakabaki mawili matatu tu.

"Mshenga, muulize mama," nikasema, "siku ya tatu ni lini."

Mgonjwa akaacha kucheka. Mtetea akadonoa kiganjani mwake, na nikaona kidole kikijikunja, kidogo, chenyewe.

Mama alikiona pia. Alikitazama kidole hicho muda mrefu.

"Mshenga," akasema, "mwambie nimezihesabu, nikarudia kuhesabu kama yeye. Ya kwanza bado haijaisha."

Akanyanyuka. Akamkamata jogoo kwa upole, akamfunga miguu kwa uzi wa mgomba, akamweka chini mbele yangu bila kunisogelea sana. Alimwambia jogoo, si mimi, kwamba aende Izigo. Huku hana mkwe wa kuzungumza naye. Kule yuko mmoja, na anakaa peke yake.

Ningeweza kukataa. Ila nimeshakula filigisi.

Nilifika Izigo jua linashuka. Uani pamekaa kimya, makapi ya kahawa nimeyafagia mwenyewe, kila kitu mahali pake. Nikamfungua Mshenga miguu, akajinyoosha, akaangalia huku na kule kwa jicho moja, akihesabu naye. Nikachuchumaa mbele yake.

"Mshenga," nikamwambia, "mwambie mama nimeshindwa bei."

Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akanipita, akavuka kizingiti, akasukuma kwa kifua mlango wa jikoni usio na komeo, akaingia. Nikamwita. Nikamwita tena. Nilimsikia akitembea mle ndani, polepole, kucha zikigonga sakafu, kutoka jikoni hadi sebuleni hadi chumbani, na mimi humo siingii.

Barabarani gari la vifaranga likapiga honi. Nikaenda kuwasha mkaa.